Malalamiko ya Mtu Aliyefaulu

Kwenye meza ya kantini ya ofisi ya leseni palikuwa na makarani wawili, na walikuwa wakicheka. Mpelelezi alipoweka sahani yake mwisho wa meza, kicheko kikakatika. Mmoja akakumbuka kwamba kuna simu anapaswa kupiga. Wa pili hakuhangaika hata kutafuta kisingizio. Alibeba sahani yake ikiwa bado na chakula, akaenda kumalizia amesimama dirishani.

Basi mwanamke yule akala peke yake, kama alivyokuwa akila tangu aletwe pale. Wenyewe walimpachika jina la Pingu, ingawa tangu afike hakuwa amemfunga mtu hata kamba ya viatu. Lilikuwa jina la kusemwa nyuma ya mgongo, lakini watu wa pale walikuwa na sauti kubwa. Jioni akirudi kwenye chumba alichopanga aliwasha redio, si kwa ajili ya habari, bali ili mle ndani awepo mtu anayeongea. Upweke ulimuuma, na hakuwa na wa kumwambia kwamba unamuuma.

Kosa lake lilikuwa kazi yake. Basi la shule lilikuwa limerudi nyuma likaingia mtaroni na watoto ndani. Dereva alikuwa na leseni mpya kabisa ya kituo kile, na alikiri mwenyewe kwamba hajawahi kuweza kurudi nyuma. Alipoulizwa sasa alifaulu vipi, alisema ni kwa neema ya Mungu, kisha akafunga mdomo moja kwa moja. Ndipo tume ya kupambana na rushwa ikamtuma Pingu.

Si kwamba serikali ilikuwa imelala. Kiwanja cha majaribio kilifungwa kamera kila pembe. Walimu wa shule za udereva walipigwa marufuku kuvuka geti. Simu ziliachwa kwa mlinzi. Watahini nao walipangwa kwa kura asubuhi ileile, kiasi kwamba mtahiniwa hakujua atapanda gari na nani mpaka jina lake liitwe. Ukutani palibandikwa bango kubwa: HUDUMA HII HAIUZWI. Na chini ya bango hilohilo iliendelea kuuzwa kama kawaida.

Kwamba watu wanatoa chai, kila mtu alijua. Wanawapa walimu wao huko mitaani, na walimu wanagawana na watahini baadaye. Swali lililomkosesha Pingu usingizi lilikuwa moja: mtu anaingia kiwanjani mikono mitupu, anakaa garini na mtahini asiyemjua, hawaambiani neno zaidi ya salamu, huyo mtahini anajuaje kwamba huyu ametoa na yule hakutoa?

Alianza na mlinzi wa geti. Kwenye picha za kamera aliona jambo: watahiniwa wengine wakipita mlinzi alikohoa, na wengine akawanyamazia. Akamwita ofisini kwake, chumba cha mwisho kwenye korido, ambacho zamani kilikuwa stoo ya matairi. Matairi yaliondoka, harufu yake haikupata taarifa.

“Kaa, mzee. Nataka unieleze kuhusu kikohozi chako.”

Mzee alikaa na uso ukamng’aa. “Mwanangu, hatimaye serikali imeuliza!”

Akaeleza. Kilianzia kifuani, kikahamia mgongoni, kikarudi kifuani na wenzake. Alieleza dawa zote alizokunywa na zile alizozitema. Pingu akamwacha mpaka akapumua.

“Lakini unawakoholea wengine, wengine huwakoholei.”

“Wengine wamejipulizia marashi, mwanangu. Siku ya mtihani mtu anajimwagia chupa nzima, anadhani gari litampenda. Marashi yakinifika hapa,” akajigusa koo, “nimekwisha.”

Kesho yake Pingu alisimama getini akajihakikishia. Waliokoholewa, wengine walifaulu na wengine walifeli, na wote walinukia. Njia hiyo ikafa. Mzee wa watu alikuwa ndiye pekee kituoni aliyezungumza naye kwa kituo, na mazungumzo yenyewe yalikuwa ya makohozi.

Akamhoji mwalimu mmoja wa udereva ambaye mji mzima ulimwita Breki, kwa sababu mdomo wake haukuwa nayo.

“Wanafunzi wako wanafaulu sana, mwalimu.”

“Nafundisha sana, dada! Mimi nafundisha mpaka mwanafunzi akilala anaota taa za barabarani. Muulize yeyote. Muulize hata mke wangu, ingawa yeye amenishinda.”

“Unawaambia nini wakiwa wanaingia kwenye mtihani?”

Kwa mara ya kwanza Breki akatafuta neno. “Wasiwe na woga,” akasema. “Basi. Wasiwe na woga.”

Pingu aliona lile kusita, akaliweka akilini. Lakini kusita hakupelekwi mahakamani.

Mkuu wake wa makao makuu naye alipiga simu, na sauti yake haikuwa na subira. “Niletee mambo mawili. Njia wanayotumia, na mtu mmoja aliyetoa, aseme kwa kinywa chake kwamba alitoa. Ukikosa, wiki ijayo tunafunga jalada na hicho kituo kinatangazwa safi.”

“Mkuu, watu hapa hawasemi na mimi hata habari za asubuhi.”

“Sasa utafute wa kusema nawe habari za mchana,” mkuu akasema, akakata.

Ijumaa mlango ukagongwa. Tangu akabidhiwe chumba kile haukuwa umegongwa. Akaingia mwanamume mrefu kupita kiasi, ameinamisha shingo ili asipige kizingiti na paji la uso. Mtaani walimwita Mlingoti, na alikuwa fundi seremala. Vumbi la mbao lilikuwa bado kwenye nyusi zake.

“Nimekuja kulalamika, mama.”

“Wamekufelisha?”

“Wamenifaulisha.”

Pingu akaweka kalamu chini.

“Kaa,” akasema. “Anza mwanzo.”

“Mimi ni fundi. Kitu kikikaa upande, naona. Wakati wa kurudi nyuma nimeangusha koni, siyo moja. Kwenye mlima gari limenizimikia. Nikajua nimefeli, nikaanza hata kufungua mkanda. Mtahini ananipa mkono, ananiambia hongera.”

“Wewe ulimpa nini?”

“Nilimpa mkono wangu. Jirani yangu anaendesha vizuri kuliko mimi, siku hiyohiyo wamemfelisha. Sasa mtaani hawaniamini. Wanasema nimetoa. Fundi akisemwa ni mhongaji, nani atamwachia mbao zake? Naomba mniambie nimefaulu kwa sababu gani, nikawaeleze.”

Pingu alimpitisha hatua kwa hatua. Ulivaa nini? Nguo ya kila siku. Ulimsalimia vipi? Kama watu wanavyosalimiana. Ulifundishwa na nani? Na mjomba, kwenye gari lake la kubebea mbao.

“Ulipofungua mlango wa gari ulifanya nini?”

“Nilikaa. Nikafunga mkanda, nikatazama kioo, nikawasha.”

“Hukugusa kingine?”

“Niguse nini, mama? Kila kitu kilikuwa sawa. Hata miguu ilienea. Na mimi sijawahi kuenea popote, hata jeneza langu nitalipima mwenyewe nikiwa bado na nguvu.”

Akacheka, na Pingu akacheka pia, akashangaa kusikia sauti yake mwenyewe ndani ya chumba kile. Fundi alipoondoka, Pingu alifikiri labda walimfananisha na mtu mwingine aliyetoa. Lakini mtu wa urefu ule wamfananishe na nani? Akarudi kwenye picha za kamera. Zilionyesha magari kwa nje tu. Wale waliofaulu kimaajabu, waliogonga koni na bado wakapewa mkono, wengi walinyoosha shingo na kuukamata usukani kwa mbali, kama watu wanaosukuma mkokoteni. Akasema moyoni, ni woga tu. Alikosea, na kosa lake alikuja kuligundua akiwa na kijiko mkononi.

Jumapili aliosha bakuli lenye kifuniko cha bluu, akalifuta mpaka likakauka, akaenda nalo kwa mdogo wake.

Bakuli lile lilikuwa na safari zake. Kila Jumapili Pingu alikula kwa mdogo wake mchana, na kila alipoaga, mdogo mtu alimjazia chakula cha kwenda nacho, akimwambia, “Bakuli langu ulirudishe, dada.” Na kulirudisha ndiko kulikomleta Jumapili iliyofuata. Ndugu wengine walikuwa wamemkimbia tangu alipotoa ushahidi dhidi ya binamu yao wa ofisi ya ardhi. Msibani kwa shangazi yao aliingia ukumbini na hakuna aliyesogea kumpa nafasi. Mdogo wake peke yake ndiye aliyesimama, akamvuta mkono, akamkalisha pembeni yake mbele ya macho ya ukoo mzima. Katika mji ule, nyumba iliyomfungulia mlango kwa furaha ilikuwa hiyo tu.

Siku hiyo nyumba ilikuwa na sherehe ndogo. Binti wa nyumba alikuwa amefaulu mtihani wa udereva. Alishafeli huko nyuma, akafeli tena, na hospitali ilikuwa imemshikia nafasi ya kuendesha gari la wagonjwa. Sasa leseni ilikuwa juu ya televisheni, imeegeshwa kama picha ya harusi, na kazi ilikuwa inaanza kesho yake.

“Mama mkubwa, huniulizi ilikuwaje?” binti akasema wakiwa wanakula. Alikuwa mfupi, mwepesi wa kucheka, na alikaa ubavuni kwa mama yake mkubwa tangu utoto wake.

“Haya, ilikuwaje?”

“Usiseme! Nilikuwa naning’inia kama mtoto kwenye kiti cha kinyozi. Klachi naifikia kwa ncha ya kidole gumba. Nilikuwa naendesha huku nimejinyoosha hivi,” akanyoosha shingo na mikono, mama yake akaangua kicheko.

“Kwa nini hukuvuta kiti?”

“Baba alinikataza. Alisema ukivuta kiti mtahini anakuona una woga. Nikikute kilivyo, nikiache kilivyo.”

Mama bado alikuwa anacheka. Baba alikuwa ameacha kutafuna.

Pingu alikitazama kijiko chake kwa muda. Mbele ya macho yake zilipita zile shingo ndefu za kwenye kamera, na masikioni likarudi neno la Breki: wasiwe na woga. Mtu yeyote aliyefundishwa gari, kitu cha kwanza akikaa anavuta kiti. Mtahini akikisukuma kiti nyuma mpaka mwisho kabla ya kila mtu kuingia, asiyekigusa amejitambulisha bila kufungua mdomo. Kamera haioni, simu haihitajiki, kura haizuii. Na ndani ya mji mzima alikuwepo mtu mmoja asiye na haja ya kukivuta, asiye na habari, ambaye miguu ilienea.

“Samahani,” akasema, akatoka uani na simu.

“Fundi, ni mimi wa ofisi ya matairi. Kile kiti cha gari ulikivuta?”

“Nikivute nikipeleke wapi, mama?” Mlingoti akajibu. “Mara ya kwanza maishani nimekuta gari limenitosha.”

Alipogeuka, shemeji yake alikuwa amesimama nyuma yake, kijitambaa cha mezani bado mkononi. Alikuwa mwanamume mcheshi, mwenye duka la vipuri, na uso wake haukuzoea kununa.

“Shemeji, chakula kinapoa.”

“Aliyekwambia umkataze kugusa kiti ni Breki?”

“Mambo ya watoto hayo. Tule kwanza.”

“Ni Breki?”

Shemeji akakunja kijitambaa, akakikunja tena. “Ulitaka nifanye nini? Afeli tena? Nafasi ya hospitali ingekwenda. Kila mtu anatoa. Mtoto mwenyewe hajui lolote, na naomba asijue.”

“Anayekuja mwenyewe kabla hajaitwa, tume inampokea kama shahidi. Akiitwa, anakuja kama mshtakiwa. Mimi sina uwezo wa kubadilisha hilo.”

“Uwezo wa kunyamaza unao.”

“Kesho anabeba wagonjwa.”

“Atajifunzia kazini. Sote tulijifunzia kazini.”

“Na mgonjwa aliyelala nyuma, yeye anajifunza nini?”

Shemeji akasogea karibu, akashusha sauti. Hakuwa na hasira. Ingekuwa nafuu angekuwa nayo. “Ndugu zako wote walikukimbia. Hapa hukukimbiwa. Mke wangu amekosana na nusu ya ukoo kwa ajili yako. Wewe huna mtoto, shemeji, huwezi kujua. Lakini nyumba unaijua. Unataka ubaki na nini?”

Hilo lilimwingia Pingu mpaka kwenye mfupa, na hakujifanya halikumwingia. Kwa kitambo alitamani kabisa kuwa mtu mwingine, mtu wa kawaida aliyekuja kula Jumapili akaondoka na bakuli lake.

“Baba, ulinilipia?”

Binti alikuwa mlangoni. Hakuna aliyejua amesimama pale tangu lini.

“Nilikusaidia,” baba yake akasema.

Binti akageuka. Alirudi ndani, akatoka na ufunguo wa gari la baba yake lililoegeshwa uani, akaingia, akafunga mlango. Wakasikia kiti kikivutwa mbele, kikikwaruza kwenye reli zake mpaka kikajifunga. Akafunga mkanda, akatazama vioo, kimoja kimoja, kama alivyofundishwa. Kisha akaanza kurudi nyuma kuelekea getini.

Alikwenda polepole. Gari likaanza kulala upande wa bomba la maji. Pingu akafungua mdomo kumwonya, akaufunga. Gurudumu la nyuma likapanda juu ya ndoo ya kufulia, na ndoo ikapasuka kwa kishindo kilichomtoa mama jikoni na povu mikononi.

Injini ikazimwa. Binti alibaki ameshika usukani kwa mikono miwili, anatazama kwenye kioo.

“Nimevuta kiti,” akasema. “Nimetazama vioo vyote. Na bado sikuiona.”

“Ni ndoo tu, mwanangu,” baba yake akasema.

“Leo ni ndoo.” Akashuka. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. “Kesho naenda kuwaambia hospitali wanisubiri, na wasiponisubiri, basi. Halafu naja ofisini kwako, mama mkubwa. Naja na baba, au naja bila baba.”

Mama alimtazama binti, akamtazama mume, kisha akamtazama dada yake, na kwa huyo macho yakakaa zaidi. “Dada, kuna nini?”

Pingu akamweleza yote, hapohapo uani, kwa maneno machache kuliko aliyowahi kuandika kwenye ripoti yoyote. Hakumpamba shemeji wala hakumkandamiza. Alipomaliza, mdogo wake alifuta povu mikononi. Aliinama, akaanza kuokota vipande vya ndoo.

Shemeji alikuwa ameketi kwenye ngazi. Alikaa pale mpaka vipande vyote vikaokotwa. “Ofisi yako inafunguliwa saa ngapi?” akauliza, akiwa anatazama viatu vyake.

“Asubuhi na mapema. Nitakuwepo.”

“Breki atanikana.”

“Akukane. Utasema ulichokifanya wewe tu. Mtahini mwenyewe tutamkuta kiwanjani, anasukuma kiti.”

Akatikisa kichwa kukubali, mara moja, akaingia ndani.

Pingu alisogea getini akapiga simu makao makuu.

“Njia nimeipata, mkuu.”

“Na mtu?”

“Wawili. Mmoja alitoa, mwingine alilipiwa.”

“Safi sana! Nilijua tu. Umewapata wapi?”

“Nyumbani.”

“Kwa nani?”

“Kwetu,” akasema. Wakaagana.

Aliporudi ndani kuchukua mkoba wake, meza ilikuwa imeshaondolewa vyombo. Leseni haikuwepo tena juu ya televisheni. Kwenye rafu ya jikoni bakuli lenye kifuniko cha bluu lilikuwa limewekwa pamoja na mengine, tupu na kavu, kama alivyolikabidhi. Akasubiri kidogo, akijifanya anatafuta ufunguo wake.

Mdogo wake akatoka jikoni na kopo la siagi lililokwisha, aina ile ambayo watu huitupa. Alikuwa amelijaza chakula mpaka juu na kulifunga kwa mfuniko wake uliopinda. Alimsindikiza dada yake mpaka nje, kama siku zote, akampa kopo kwa mikono miwili.

“Hilo usihangaike kulirudisha, dada,” akasema, akafunga geti taratibu.